UZI: Kuitwa usaili kazi za ofisi na miradi NHS Uingereza, niliyoyaona nikiwa upande wa jopo

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wanajamvi.

Kila wiki nasoma humu mtu analalamika kwamba ametuma maombi NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mpaka amechoka, na jibu ni lile lile: hukuchaguliwa kuendelea na hatua inayofuata. Nimepita huko. Nilipokuja Uingereza kumfuata mwenzangu nilituma maombi 31 ya kazi za ofisi hospitalini, sikuitwa hata mara moja. La 32 nikaitwa. Katikati hapo sikusoma kozi mpya wala sikupata mtu wa kunishika mkono. Mama mmoja niliyekutana naye kanisani, mstaafu wa hospitali, alikaa na mimi jioni moja akanionyesha jinsi maombi yanavyosomwa upande wa pili. Leo niko bendi 6 upande wa miradi (bendi ni daraja la mshahara, namba ikipanda nao unapanda), na kwa miaka minne sasa nakaa kwenye majopo ya kuchuja. Majina ya waombaji siyaoni, lakini nikikuta historia ya kazi imeandikwa Bugando au Kakamega najua huyu ni wa kwetu. Na mara nyingi nalazimika kumpa sifuri mtu ninayehisi kabisa kwamba kazi anaiweza. Inaniuma, ndiyo maana naandika.

Nianze na viza, mtu asipoteze muda. Kazi za ofisi za bendi 2, 3 na 4 hazikuletei udhamini wa viza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 viza mpya ya Skilled Worker kwa kawaida inataka kazi ya kiwango cha shahada, na karani wa wodi au mtu wa mapokezi hayumo. Kwa hiyo ukiwa Mwanza au Kisumu ukaambiwa na wakala kwamba atakupatia kazi ya mapokezi NHS kwa ada fulani, shika pesa yako. Uzi huu ni wa walioko huku wenye haki ya kufanya kazi: uliyekuja kwa viza ya mwenza, uliye na viza ya Graduate, mwenye ukaazi wa kudumu, mkimbizi aliyekubaliwa, raia. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na haruhusiwi kushika ajira ya kudumu ya muda wote, kwa hiyo aangalie zaidi kazi za zamu. Aliyedhaminiwa kama mhudumu wa kutunza wazee naye hawezi kuhamia ofisini hivi hivi, viza yake imefungwa kwenye kazi ile.

Sasa tuje kwenye mchujo. Kazi zinatangazwa kwenye NHS Jobs na mara nyingi pia Trac. Scotland wana tovuti yao, Ireland ya Kaskazini vilevile. Kila tangazo lina maelezo ya kazi, na lina karatasi ya pili ambayo watu wengi hata hawaifungui: sifa za mwombaji, yenye kichwa Person Specification. Hiyo ndiyo karatasi ya mtihani, na wamekupa maswali yote kabla hujaingia chumbani. Ina safu ya sifa za lazima na safu ya sifa za nyongeza, na pembeni mara nyingi kuna herufi zinazoonyesha sifa hiyo itapimwa wapi: kwenye maombi, kwenye usaili, au kwa jaribio. Zile zenye alama ya maombi ndizo zinazoamua kama utaitwa.

Mimi ninayechuja nafungua maombi yako upande mmoja, karatasi ya sifa upande wa pili. Jopo letu linatoa 0, 1 au 2 kwa kila mstari, kwingine wana kipimo chao. Sifuri maana yake hakutaja. Moja, ametaja bila ushahidi. Mbili, ametaja na ameonyesha alifanya nini, wapi, ikawaje. Mwenzangu anachuja peke yake kwake, halafu tunalinganisha. Hairuhusiwi kusema "huyu lazima anajua Excel, si alikuwa mhasibu". Hakuandika, hakuna alama.

Tunapoangukia sisi ni hapa. Tumefundishwa barua ya maombi ya kazi: YAH, husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Barua ile ina heshima zake nyumbani. Hapa haijibu swali hata moja kwenye karatasi. Tena tumelelewa kwamba kujitaja ni majivuno, kwa hiyo hata jambo ulilolifanya peke yako usiku kucha unaandika "tulifanikiwa". Jopo likisoma "tulifanikiwa" halijui wewe ulifanya kipi kati ya hivyo.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Mdau wa Coventry

Ahsante sana kaka kwa uzi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimekuja kwa viza ya mwenza. Nyumbani nilikuwa mtunza takwimu CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kwenye kituo cha afya cha serikali kwa miaka 5. Hapa nimefanya usafi hotelini mwaka mmoja, sasa nafanya kwenye nyumba ya wazee. Kuna nafasi ya bendi 3, karani wa kliniki za nje, inafunga Jumapili. Sehemu ya maelezo ya kuunga mkono maombi nimeandika hivi (naweka kwa Kiswahili):

"Nilikuwa na jukumu la kutunza takwimu, kuandaa ripoti za mwezi na kuhudumia wateja. Mimi ni mwaminifu, najituma na ninajifunza haraka. Nina shauku kubwa ya kufanya kazi NHS."

Nimeshatuma kama hii mara 12. Je, uzoefu wa nyumbani unahesabika au mpaka niwe nimefanya kazi ofisi za hapa?

#3 Mleta uzi

Unahesabika, dada yangu. Sijawahi kuona karatasi ya sifa inayosema uzoefu uwe wa Uingereza. Tatizo ni kwamba anayekusoma hajui CTC ni nini, hajui MTUHA (vile vitabu vyetu vya takwimu za afya), hajui kituo cha afya kina nini ndani. Ukiandika "mtunza takwimu CTC" anaona herufi tatu zisizo na maana. Inabidi umfungulie mlango.

Nikuulize kwanza, maana najibu bila kukujua. Pale CTC wewe ndiye uliyekuwa unatoa mafaili asubuhi? Wewe ndiye uliyekuwa unajua nani hakuja siku ya miadi? Ripoti ya mwezi ukiichelewesha nani alikuwa anapiga simu? Na faili la jirani yako wa mtaani lilipita mikononi mwako mara ngapi?

#4 Mdau wa Coventry

Mafaili ni mimi, kliniki siku mbili kwa wiki, wateja 60 mpaka 80 kwa siku. Naingiza kwenye kompyuta zile kadi, halafu natoa orodha ya waliokosa miadi nampa mhudumu wa kufuatilia. Ripoti najumlisha kwenye vitabu vya MTUHA halafu inaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 wilayani. Mratibu wa wilaya ndiye anayepiga simu. Majirani, ndiyo, hata mwalimu wa mwanangu. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

#5 Mleta uzi

Ahsante. Umeona? Hayo yote hayamo kwenye maombi 12 uliyotuma.

Nakuandikia mstari mmoja wa karatasi ya sifa kama zinavyokuja kwenye bendi 3: "Uelewa wa usiri wa taarifa za wagonjwa." Wengi wanajibu, "Naelewa umuhimu wa usiri na sheria ya ulinzi wa data." Hiyo ni alama 1. Wewe andika hivi, kwa maneno yako:

"Kwa miaka mitano nilitunza kumbukumbu za kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika mji mdogo ambako wagonjwa wengi walikuwa majirani zangu. Mafaili nilikuwa nayatoa asubuhi ya siku ya kliniki tu na kuyafungia kabatini kabla ya kuondoka. Wagonjwa nilikuwa nawaita kwa namba, si kwa jina. Ndugu wa mgonjwa alipokuja kuuliza matokeo, nilimwelekeza kwa muuguzi bila hata kuthibitisha kama mtu huyo anahudhuria."

Mwanajopo akisoma hapo anaweka 2 bila kubishana na mwenzake. Ile hali ya kukataa hata kuthibitisha kwamba mtu ni mgonjwa wetu ndiyo kazi ya mapokezi ya hospitali hapa kila siku, simu zinapigwa na wake, waume, wakwe. Wewe umeifanya mahali ambapo kosa moja lingevunja ndoa ya mtu. Kama kweli ulikuwa unaita kwa namba, andika. Kama hukuwa, andika ulichokifanya. Usiandike kitu kwa sababu mimi nimekitaja.

Mstari mwingine: "Kupanga kazi zenye muda mfinyu." Hapo ndipo inaingia siku ya kliniki yenye watu 80 iliyogongana na siku ya ripoti. Ulianza na nini, kwa nini, ulimwambia nani, ripoti ilifika lini. Sentensi nne zinatosha. Huku wana njia ya kukumbuka mpangilio wanayoiita STAR: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, ulifanya nini, ikawaje. Wa kwetu wanaandika sana hali, wanamaliza maneno kabla hawajafika kwenye walichofanya. Hali ipe sentensi moja.

Waliokosa miadi: hapa wanaitwa DNA, yaani aliyepangiwa kliniki na hakutokea. Kila kliniki ya nje inahangaika nao, kwa sababu nafasi ikipotea foleni inarefuka. Andika kwamba ulikuwa unatoa orodha ya waliokosa miadi siku ile ile na kuipeleka kwa wafuatiliaji. Tumia neno lao, mtu wa kliniki ataelewa mara moja kwamba unaijua kazi.

DHIS2 usiiache. Waeleze ni mfumo wa taarifa za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo unaotumika nchi nyingi, na wewe ndiye uliyekuwa unaandaa takwimu za kituo chako. Kama kuna mwingine humu aliyetumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, au aliyekuwa anaandaa madai ya bima ya afya ya NHIF, jambo ni hilo hilo. Lieleze kama unavyomweleza mgeni aliyeketi sebuleni kwako.

Na ile kazi ya nyumba ya wazee usiiweke chini kwa aibu. Kuzungumza na binti mwenye hasira ambaye mama yake ameanguka ni ushahidi wa "mawasiliano na watu walio kwenye msongo". Sifa hiyo iko karibu kila karatasi.

#6 Mdau wa Croydon

Mkuu naheshimu ulichoandika ila tuambiane ukweli. Hizi kazi zina wenyewe. Tangazo linawekwa kutimiza utaratibu tu, mtu wao yuko ndani tayari. Na jina likiwa la Kiafrika ndiyo basi.

#7 Mleta uzi

Nakujibu kwa uzito unaostahili, kwa sababu sehemu ya hilo ni kweli.

Kuhusu jina: kwenye mchujo anayechuja haoni jina, umri, jinsia wala asili yako. Mfumo unavificha mpaka orodha ya wanaoitwa imefungwa. Ukikosa kuitwa, kilichokuangusha ni kilichoandikwa. Baada ya hapo, chumbani, ndipo unapoonekana. NHS yenyewe ina kipimo cha usawa wa rangi kazini kinaitwa WRES tangu 2015, na ripoti zake zinaonyesha kwamba kati ya walioitwa usaili, wazungu wana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa kuliko sisi. Hilo sitalificha wala kulipamba. Lakini ni vita ya hatua ya pili, na hatua ya pili huifiki kama hukuvuka ya kwanza.

Kuhusu wa ndani: mwaka 2025 ndiyo ulikuwa mgumu zaidi. Machi 13 waziri mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba NHS England, chombo cha juu cha usimamizi, kinafutwa na kazi zake zinarudi wizarani. Bodi za mikoa, zile ICB 42 zilizoanza Julai 2022, zikaambiwa zipunguze gharama za uendeshaji kwa nusu. Maana yake watu wengi wa miradi na utawala, wenye uzoefu wa miaka, wamejikuta wanatafuta pa kwenda, na hospitali inatakiwa kuwaangalia wafanyakazi wake walio hatarini kupoteza kazi kabla ya kufungua mlango wa nje. Ndiyo maana unaona matangazo mengi ya "wafanyakazi wa ndani pekee". Soma mstari huo kabla hujatumia saa tatu kuandika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa sasa: kwa mtu wa nje, bendi 6 na 7 za miradi kwenye ICB ni mlima. Hospitali zenyewe, zahanati za GP (daktari wa kwanza wa mtaani), huduma za afya ya akili na za jamii bado zinahitaji watu wa mapokezi, makarani wa wodi, waratibu wa miadi, makatibu wa madaktari. Simu hazijaacha kulia. Na kuna mlango ambao watu wetu hawaujui: benki ya wafanyakazi wa zamu. Hospitali nyingi zina benki zao au zinatumia NHS Professionals, shirika la kupanga watu wa zamu, na kazi za ofisi zimo, si uuguzi tu. Mchujo wake huwa mwepesi zaidi. Ukishafanya zamu miezi michache una mfumo wao mkononi, una mdhamini wa kukushuhudia (referee) mwenye barua pepe ya nhs, na hospitali nyingine wanaruhusu watu wa benki kuomba nafasi za ndani. Uliza kabla.

Ile kazi yangu ya kwanza, ya maombi ya 32, ilikuwa ya benki.

#8 Mdau wa Dodoma

Nafuatilia kutoka nyumbani, nimejifunza. Huku kwetu kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, unaweka vyeti, namba ya kitambulisho ya NIDA, barua iliyosainiwa. Vyeti vikikidhi tangazo unaitwa usaili wa mchujo, mnakaa mamia ukumbini mnafanya mtihani wa kuandika, waliofaulu ndiyo wanaenda mahojiano. Barua yenyewe sidhani kama kuna anayeitathmini kwa undani. Labda ndiyo maana watu wakifika huko wanaona maelezo ni kitu cha kujaza tu.

#9 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma umelieleza vizuri kuliko mimi. Nyumbani mchujo unafanyika ukumbini na kalamu, kila mtu na karatasi yake. Hapa ukumbi ni lile boksi la maelezo, lenye kichwa Supporting Information. Mtu anatoa dakika kumi kwa mtihani wake mzima.

Mimi naandika hivi: nachukua kila sifa ya lazima naifanya kichwa kidogo cha habari, kwa maneno yao yale yale, na chini yake mfano wangu. Si lazima ipendeze kama insha. Mwanajopo mwenye maombi 90 baada ya kazi anakushukuru kimoyomoyo usipomfanya atafute. Sifa za lazima zikiwa 11, vichwa vinakuwa 11. Zinazofanana unganisha. Nafasi ikibaki ndipo uguse za nyongeza, kwa sababu watu wakilingana kwenye za lazima hizo ndizo zinazowatenganisha.

#10 Mdau wa Reading

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, mke wangu ni muuguzi hapa. Nina shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi na nimesimamia mradi wa maji na afya ya jamii kaunti mbili. Nimekuwa nikiomba bendi 7 kwa mwaka mzima. Kimya. Nimelipia kozi ya usimamizi wa miradi ya PRINCE2 pia, ngazi zote mbili, Foundation na Practitioner. Je, nishuke mpaka bendi gani? Naona kama ni kujishusha.

#11 Mleta uzi

Ndugu yangu, hisia hiyo naijua na sitakudharau kwa kuwa nayo. Angalia hesabu ya 2025/26 kwa England: bendi 3 ilianzia pauni 24,937 kwa mwaka, bendi 4 pauni 27,485, bendi 5 pauni 31,049, bendi 6 pauni 38,682, bendi 7 pauni 47,810. London ya ndani wanaongeza asilimia 20, ya nje 15. Bendi 7 ya miradi karatasi yake inadai umeongoza mabadiliko katika mazingira ya hospitali, umekaa na madaktari bingwa wasiotaka kubadilisha ratiba ya kliniki yao, umesimamia bajeti. Una ushahidi wa hayo, ila wa maji na afya ya jamii, na unashindana na mtu aliyepunguzwa ICB juzi. Kwenye bendi 5, afisa wa kusaidia miradi, wewe ndiye utakayekuwa wa juu kwenye orodha. Mimi niliingia bendi 3 nikiwa na shahada, nikapanda. Humu ndani kupanda ni rahisi kuliko kuingia kwa juu.

PRINCE2 ni njia iliyotoka serikali ya hapa hapa Uingereza, tangu 1996, na kwenye karatasi ya sifa cheti kinapata alama yake moja. Baada ya hapo hakiongei tena. Nimechuja watu wenye Practitioner walioandika kurasa nzima za nadharia, hatua za mradi, mihimili yake, bila kutaja mradi mmoja uliochelewa na wakafanya nini. Tunatafuta hayo: ulikuwa na rejista ya hatari? Hatari gani uliiona kabla haijatokea, ukampelekea nani, ikawaje? Mwenyekiti wa kamati ya kijiji aliyekataa kisima kisijengwe upande ule, ulizungumza naye vipi? Usimwite "mdau" ukaishia hapo. Mwanajopo wa hospitali ana daktari wake anayemsumbua vilevile, ataiona picha.

Na jifunze lugha ya uboreshaji ya huku: PDSA, yaani panga, jaribu kwa udogo, chunguza, rekebisha. Kwenye maji uliifanya bila kuipa jina. Ulijaribu ratiba ya kuchota kwa kitongoji kimoja kabla ya kata nzima? Hiyo ndiyo.

Soma pia kuhusu lengo la wiki 18. Mgonjwa aliyepewa rufaa na GP anatakiwa kuanza matibabu ndani ya wiki 18, na kipimo kinataka asilimia 92 ya walio kwenye foleni wawe ndani ya muda huo. Saa inaanza kuhesabu rufaa inapopokelewa. Karibu kila mradi wa hospitali hapa, ukiufuatilia mpaka mwisho, unagusa saa hiyo. Ukiandika aya moja inayoonyesha umeelewa kwamba barua ya rufaa iliyolala kwenye trei wiki mbili ni mtu fulani anayesubiri na maumivu yake, umeonyesha maadili ya NHS bila kuyakariri. Wanaokopi maadili yote sita kutoka kwenye tovuti tunawaona wengi. Hatuwezi kuwapa 2.

#12 Mdau wa Slough

Je, kutumia akili mnemba kuandika maelezo? Wote tunatumia siku hizi, Kiingereza changu cha kuandika si kizuri.

#13 Mleta uzi

Itumie kusahihisha Kiingereza chako, na kama tangazo linataka useme umeitumia, sema. Usiiache ibuni mifano. Mwezi uliopita nilisoma maombi sita yenye aya ya ufunguzi iliyofanana karibu neno kwa neno, na yote sita hayakuwa na jina la mahali, idadi wala tukio. Hapakuwa na ushahidi wa kuupa alama. Na ukiitwa, tutakuuliza juu ya mfano ulioandika. Andika kwanza kwa Kiswahili kama unavyomsimulia mtu, kisha tafsiri, kisha ndipo usahihishwe. Ndivyo dada wa Coventry anavyofanya hapa na naona inamfaa.

Kiingereza kisicho kamilifu hakikunyimi alama kwenye mistari mingine. Ni ule mmoja tu wa "mawasiliano ya maandishi".

#14 Mdau wa Coventry

Kaka samahani nina maswali mawili. Wanataka GCSE (mtihani wa sekondari wa huku) ya Kiingereza na Hisabati, mimi nina kidato cha nne. Na nilikaa nyumbani miezi 14 baada ya kujifungua, nimeacha wazi kwenye historia ya kazi.

#15 Mleta uzi

Soma mstari wote, karibu kila mara wameandika "au inayolingana". Omba tamko la ulinganisho kutoka UK ENIC, wale waliokuwa wakiitwa NARIC, inalipiwa. Wakati unasubiri andika cheti chako kama kilivyo, mwaka na masomo. Kama Hisabati haikuwa nzuri, usikate tamaa: England mtu mzima asiye na kiwango hicho anaweza kuwa na haki ya kusomea Functional Skills Level 2 (kozi ya Kiingereza na Hisabati ya watu wazima) bure chuo cha karibu, waulize. Andika "nimejiandikisha" kama kweli umejiandikisha.

Miezi 14 usiiache wazi hata kidogo. Andika tarehe na sababu: malezi ya mtoto. Hakuna anayekukata alama kwa kulea. Pengo lisiloelezwa ndilo linalosumbua, kwa sababu ukipata kazi wanapitia ukaguzi wa lazima: utambulisho, haki ya kufanya kazi, vyeti, historia ya ajira na wadhamini wa miaka mitatu, rekodi ya jinai, afya. Wadhamini wako watakuwa nyumba ya wazee na hotelini, hesabu uone kama wanajaza hiyo miaka mitatu. Wapigie simu leo, meneja wa hoteli akihama itakuwa shida.

Kama una ulemavu au maradhi ya kudumu, kuna kisanduku cha Disability Confident. Ukitimiza sifa za lazima wanakuita. Watu wetu hawakiweki alama kwa kuona haya. Ni haki yako.

#16 Mdau wa Coventry

Sina, nashukuru Mungu. Nimeandika upya lile la muda mfinyu, naomba ulitazame:

"Katika kituo changu kliniki ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Mwezi mmoja siku ya mwisho ya ripoti iliangukia Alhamisi, wateja wakiwa 76, na mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi. Jumatano nilikaa mpaka saa moja usiku nikajumlisha vitabu vyote isipokuwa cha siku hiyo. Alhamisi tulihudumia wateja mpaka saa nane, kisha tukamalizia na ripoti ikapelekwa kwa wakati. Tulifanikiwa kwa ushirikiano."

#17 Mleta uzi

Dada, hii ni 2. Nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Rekebisha mambo matatu. "Tulihudumia" iache, ni kweli mlikuwa timu. Lakini "tukamalizia" ni wewe, andika "nikamalizia". "Tulifanikiwa kwa ushirikiano" ifute, badala yake weka kilichotokea: mratibu wa wilaya alipokea saa ngapi, kulikuwa na kosa lililorudishwa au hapakuwa? Na ongeza sentensi moja juu ya Jumatatu au Jumanne: ulimwambia mganga mfawidhi kwamba uko peke yako, au hukumwambia? Kama ulimwambia, andika. Kujua wakati wa kusema "nahitaji msaada" wanaitafuta sana kwenye bendi 3.

Halafu usisubiri Jumapili. Angalia chini ya tangazo, mara nyingi wameandika kwamba linaweza kufungwa mapema maombi yakizidi, na za bendi 3 zinajaa ndani ya siku mbili tatu. Tuma usiku huu watoto wakilala. Kabla ya kubonyeza, tafuta jina la hospitali ndani ya maelezo yako uone kama ni hii na siyo ya yale maombi 12. Mimi hilo liliwahi kunipata.

Nipo macho mpaka saa sita, weka hapa aya ya usiri ukishaimaliza.